Tangu Gari ya Baba Ilipopanda Bei

Baba aliinunua ile gari wakati hakuna mtu aliyekuwa akiitaka. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mizigo za Ghuba, na tajiri mmoja wa Maskati aliyekuwa akihama nyumba alimuuzia kwa bei ya pikipiki, mradi tu aiondoe uani kwake. Ilikuwa gari ya Kitaliano, nyekundu, ya milango miwili, injini nyuma ya viti, na chini kiasi kwamba mtu mzima akitaka kuingia hujikunja kama anayeingia kwenye banda la kuku. Waliishusha bandarini Wesha, kisiwani kwetu, kwa mbao na kelele nyingi. Mama, Mungu amrehemu, aliitazama akauliza watoto watakaa wapi.

Baba aliiendesha hivyohivyo. Alikwenda nayo sokoni Chake, msikitini siku ya Ijumaa, na kila Idi alikwenda nayo Shumba kwa shangazi, dada yake wa pekee, nasi watoto tukipokezana kile kiti kimoja kilichobaki. Ikiharibika, ilitengenezwa na fundi wa hapahapa Chake ambaye nilisoma naye darasa moja. Sitamsifu kupita kiasi. Mpira wa maji ulipopasuka alitia wa trekta, na safari moja alizifungua kabureta zake tatu, zile zinazoingiza petroli kwenye injini, akazirudisha vibaya, gari ikatoa moshi mweusi mpaka majirani wakaja kulalamikia nguo zao walizozianika. Lakini ilikwenda.

Kisha kaka yangu mkubwa, anayeishi Maskati na familia yake, akaona kwenye simu kwamba gari ya aina ileile imeuzwa mnadani Ulaya. Bei aliyoniambia mtu angejengea msikiti, na kingebaki cha madrasa. Nilidhani amesoma vibaya. Akanieleza kwamba gari zile zilitengenezwa chache, waliozikusanya ni matajiri, na kila mwaka zinapanda. Tangu siku ile sikupata raha.

Mie ndiye niliyebaki na baba. Nafundisha jiografia skuli ya sekondari, nikirudi napika, na baada ya hapo nikawa pia mlinzi wa gari. Amri zilikuja kwa simu. Isitoke nje. Isiachwe kwenye upepo wa chumvi. Fundi wa Chake asiiguse tena, kwa kuwa kila asiye mtaalamu anaipunguzia thamani.

"Mdogo wangu," kaka aliniambia, "ile si gari tena. Ule ni urithi."

"Urithi wa nani," nikamjibu, "na mwenyewe yuko hai, anakunywa chai hapa?"

Hata hivyo nilikwenda kwa fundi kumwambia. Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Alinisikiliza, akauliza kama gari imekufa. Nikamwambia haijafa, imekuwa ghali. Akatikisa kichwa, akarudi chini ya lori alilokuwa akilitengeneza, na kwa muda mrefu tulipokutana njiani tuliishia kwenye salamu.

Mtaalamu aliyetafutwa na kaka alikuja kwa ndege kutoka bara. Alikuwa mtu mpole, na kazi yake aliijua. Alivaa glavu nyeupe, akaufungua mfuniko wa injini taratibu kama anayefunua chakula cha mgeni, akautoa ule mpira wa trekta kwa vidole viwili. Alisema kabureta lazima azichukue azipeleke Italia kwa mzee mmoja anayemfahamu, maana wanaozijua wamebaki wachache, wameshazeeka, na kila mmoja anatoza anavyotaka. Nilimuuliza kwa nini kijichuma kinachoingia kiganjani kiwe na bei ya ng'ombe. Akanijibu bila kuona haya kwamba wenye gari wako tayari kulipa chochote, basi wenye spea nao wanangoja. Gari ikipanda, spea inapanda. Na ndivyo ilivyokuwa. Kaka akikusanya fedha ya kitu fulani, siku ya kulipa anaambiwa bei ile ilikuwa ya zamani.

Kabla hajaondoka, mtaalamu aliiingiza gari kwenye mfuko mkubwa wa plastiki wenye zipu, unaojazwa hewa na feni ya umeme ili chumvi isifike kwenye bati. Kwa nchi yenye umeme wa kuaminika labda ni jambo jema. Kwetu umeme ukikatika, na hukatika, mfuko hunywea ukaigandia gari kama kanga iliyorowa. Mara ngapi nimeacha wanafunzi darasani na ramani ubaoni, nikakimbia nyumbani kwenda kuiinua plastiki kwa mipini ya mifagio? Mwalimu mkuu aliniuliza nina mgonjwa gani. Niliona aibu kumwambia.

Baba aliweka kiti chake kwenye banda la gari, akikaa kuitazama. Alikuwa haruhusiwi kuigusa, kwa sababu ya mafuta ya mikono.

"Mmeivisha sanda," aliniambia asubuhi moja, "na bado i hai."

Wakati kabureta ziko Italia, shangazi alianguka akavunjika nyonga. Hakuweza tena kusafiri. Nilimpeleka baba Shumba kwa kigari changu cha Kijapani kila nilipopata nafasi, naye shangazi, kila tulipofika, alitazama nyuma yetu akauliza ile nyekundu iko wapi. Baba alimwambia inatengenezwa. Mwezi ukipita anaulizwa tena, anajibu vilevile, na kila mara sauti yake ilikuwa ndogo zaidi. Nikawa namchukia kaka, namchukia mtaalamu, na Mungu anisamehe, nilimchukia hata huyo mzee wa Italia ambaye sijawahi kumwona.

Hatimaye kabureta zikarudi zimefungwa kwenye sanduku kama dhahabu, na mtaalamu akaja kuzifunga. Alipoiwasha, injini ililia sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata nilipokuwa mtoto, laini na nzito kwa pamoja. Baba alifumba macho. Nilifurahi kwa kweli, na furaha ile ilidumu mpaka mtaalamu alipoanza kutoa maagizo. Iwashwe mara mbili kwa mwezi. Isogezwe mbele na nyuma humuhumu uani. Barabarani isiende, maana mawe yatapiga tumbo, petroli ya kwetu haiaminiki, na kila maili inapunguza bei.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Sasa umeitengeneza ili iweje?" akamuuliza.

"Ili iwe na thamani yake, mzee."

Baba alimshukuru kwa kazi yake, akamwombea safari njema.

Ijumaa iliyofuata, alipotoka msikitini, aliniambia nilete ufunguo. Nilijua anakotaka kwenda. Nilisimama mlangoni nikimfikiria kaka na fedha alizotoa, ambazo hakika zilikuwa nyingi na alizitolea jasho. Nikafikiria na ile feni, na mipini ya mifagio, na shangazi. Macho ya baba yalikuwa yameshapungua nguvu.

"Naendesha mie," nikamwambia.

Tuliifungua zipu, tukaitoa. Watu wa mtaani walisimama kutazama. Fundi naye alikuwa kibarazani, akainua mkono. Nilikwenda polepole, maana sikuwahi kuendesha kitu chenye thamani kuliko nyumba tunayolala. Baba hakunielekeza kitu isipokuwa gia ya pili, ambayo ilitaka kubembelezwa. Tulipanda na kushuka vilima vya mikarafuu, nikikwepa mashimo, na mahali pamoja baada ya kupita Konde nikakwepa ng'ombe badala ya shimo, jiwe likagonga chini. Ekzosi, lile bomba la moshi, ikapasuka. Kuanzia hapo tulikwenda tukinguruma hata kuku wakakimbilia vichakani.

Shumba walimtoa shangazi nje kwa kiti. Alicheka mpaka akashika ubavu. Wajukuu zake walimbeba wakamweka kwenye kiti cha pembeni, kwa taabu na kwa maumivu, naye akakataa kushuka, akala chakula chake cha mchana mle ndani, wali na samaki, mchuzi ukimwagikia kiti cha ngozi. Nilitaka kusema kitu. Baba akanitazama, nikamsogezea shangazi maji. Jioni mchomeleaji wa mageti wa palepale aliishona ekzosi kwa kipande cha bomba la maji, tukarudi salama.

Baada ya miezi kadhaa kaka alipata mnunuzi, na mnunuzi akamtuma mkaguzi. Mkaguzi alilala chali juu ya mkeka wetu akamulika tochi, akakaa chini kule muda mrefu. Aliona mshono wa Shumba. Aliona doa la mchuzi. Alisema ekzosi ya asili yenye muhuri wa kiwanda ndiyo inayotakiwa, na siku hizi haipatikani ila kwa kusubiri, kisha akataja bei ya kuinunulia gari ambayo isingerudisha hata fedha alizotumia kaka. Baba akamwambia kwa adabu kwamba si yeye aliyemwita.

Kaka alipiga simu kwa hasira. "Mlikwenda Shumba kufanya nini?"

"Kumtazama shangazi."

"Kwa gari ile?"

"Ndiyo. Ndiyo gari ya baba."

Hatukusemezana mpaka Ramadhani.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tuliirudia gari yetu kama zamani. Haikuwa hivyo. Kabureta zile zilizotengenezwa upya hazikubali petroli yenye uchafu, gari ikaanza kukohoa. Nilimwendea fundi wetu nikamwomba aje aitazame tu. Alikuja, akaizunguka, mikono ameifunga nyuma.

"Mwalimu, mie sasa naiogopa," akaniambia. "Nikivunja kitu hapo, nikiuza nyumba yangu haitoshi."

Na kweli haitoshi. Mtaalamu naye bei yake ya kuja imeshapanda, na feni ya ule mfuko iliungua, nyingine huagizwa ng'ambo. Gari iko bandani chini ya turubai. Baba huenda Shumba kwa kigari changu akinung'unika kwamba kiti ki juu mno.

Juzi kaka alipiga simu, safari hii kwa furaha, kusema bei imepanda tena. Nilikuwa naanika nguo, simu nimeibana kwa bega. Nikamuuliza iliyopanda ni ya gari au ya spea.

"Zote," akasema.