Makoi ni Nani?

Tangu mwenzake alipostaafu, mshonaji wa hospitali alibaki peke yake katika chumba cha cherehani, chini ya ngazi, ukuta mmoja na dobi. Shuka la hospitali huchakaa katikati, pale mgonjwa anapolala. Yeye alilipasua kwa urefu, akazileta kingo katikati na kulishona upya. Likichoka tena, alilifanya foronya. Foronya zikichoka, matambara ya kupigia deki. Wauguzi walimwita Mama Mashuka. Aliitika tu, maana nyumbani hakukuwa na wa kumwita kwa jina lolote.

Aliolewa na dereva mgane aliyekuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitano. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Alimlea yule mtoto kama mboni ya jicho lake, akakesha naye alipougua surua, akamshonea kaptura za shule mpaka alipomaliza. Lakini ndugu wa marehemu mama wa mtoto walikuwa wamemfunda mapema: "Mama ni mmoja." Basi hata sasa, yule mtoto akiwa mtu mzima mwenye mke na binti nchi za mbali, bado alimwita mama mdogo. Hakuwa na ubaya naye. Dereva alipofariki alikuja kuzika, akakaa siku nne, akarudi kwake.

Mwaka ule mshonaji alimfumia mjukuu wake sweta la buluu, kwa kukisia tu kutoka kwenye picha, akalituma kwa posta. Baada ya miezi miwili ikaja kadi kwa sanduku la posta la hospitali, imeandikwa Kiingereza kwa mkono wa kitoto. Alimfuata muuguzi mmoja kwenye korido.

"Nisomee, mwanangu."

Muuguzi alikuwa na sinia la sindano mkononi. Akapitisha macho mbiombio. "Anakushukuru sana, Mama Mashuka. Anasema... riili makoi. Makoi wa kweli. Sijui makoi ni nini, labda ndivyo wanavyoita bibi huko!" Akacheka, akaenda zake.

Dobi alipoulizwa alisema makoi lazima ni samaki.

Jioni alipanda ghorofa ya pili kwa jirani yake, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Kadi aliisahau kwenye droo ya cherehani, lakini yale maneno mawili alikuwa ameyashika barabara.

"Shikamoo mwalimu. Riili makoi ni nini?"

"Marahaba. Kaa kwanza." Mwalimu alivua miwani, uso umemchangamka, ilikuwa muda mrefu hajaulizwa swali. "Makoi ni jina la mtu. Ukisema kitu ni riili makoi, una maana ndicho chenyewe hasa. Si bandia, si cha kuigiza."

"Na huyo Makoi ni nani?"

"Hapo ndipo wataalamu hugombana. Wengine husema alikuwa bondia, wengine fundi wa mitambo, wengine wanasema ni pombe tu. Hakuna ajuaye kwa hakika."

"Yaani neno la kuthibitisha ukweli, lenyewe halina ushahidi?"

Walicheka wote wawili. Kisha akauliza, akitazama mikono yake, "Na mtu je? Mtu huambiwa hivyo?"

"Huambiwa, sana tu. Maana yake ni yeye mwenyewe hasa. Huwezi kuweka mwingine mahali pake."

Alishuka ngazi polepole. Siku tatu zilizofuata alishona huku midomo ikimchezacheza. Kuna mtoto, mbali huko, aliyeambiwa habari zake zote na bado akasema yeye ndiye bibi hasa. Alitamani kumsimulia mtu, lakini mashine ya dobi ilikuwa ikinguruma, na chumbani mwake hamkuwa na mtu.

Jumamosi alimpelekea mwalimu kadi ili waandike jibu. Mwalimu aliisoma mara moja, akairudia.

"Kuna nini?"

"Jirani, huyu mtoto anasema wenzake darasani walidhani sweta limenunuliwa dukani. Akawaambia hapana, bibi yake amelifuma. Hili ndilo lenyewe hasa."

"Lenyewe," alisema mshonaji.

"Ndiyo. Sweta."

"Siyo mwenyewe."

Mwalimu alikunja kadi, akaikunjua. "Ningeweza kukaa kimya."

"Wala usingeweza. Umesahihisha watu miaka thelathini na tano." Alijaribu kutabasamu, halafu akaangalia dirishani kwa muda, pale nguo za majirani zilipokuwa zimeanikwa. Mwalimu alichukua kalamu, akangoja.

"Andika," alisema mwishowe. "Muulize mikono ya sweta imemfika wapi. Watoto hurefuka. Mwambie achukue uzi, aupime toka begani hadi kwenye kifundo cha mkono, aukate, anitumie."

"Na mwisho niweke nani? Bibi yako wa..."

"Bibi. Inatosha."

Barua ilikwenda. Ikapita miezi miwili, na wa tatu ukaanza. Kila alipopita mapokezi aliulizia barua kama mtu anayeuliza tu njiani. Siku bahasha ilipofika, hakumtafuta muuguzi. Alifunga mlango wa chumba cha cherehani, akaichana. Ndani hamkuwa na maandishi mengi, ila uzi mwekundu umefungwa fundo kila ncha.

Aliuweka mezani, akaunyoosha kwa kiganja. Alikaa nao hivyo mpaka dobi alipozima mashine. Kisha akachukua utepe, akapima. Inchi kumi na tisa. Lile sweta la buluu lilikuwa fupi kwa inchi mbili nzima, na mtoto hakulalamika.

Njiani kurudi nyumbani alinunua nyuzi za kijani. Akaanza na mikono kabla hajapika, kwa kuwa huko baridi huingia mapema, na posta haina haraka na mtu.