Habari Kutoka Kinywani mwa Farasi

Nakumbuka asubuhi moja ya theluji huko ughaibuni, katika mji wa Coon Rapids, lakini kabla sijaisimulia, mwanangu, nitenganishe mambo mawili. Yaliyotokea katika nyumba ya wazee nilikofanya kazi nikiwa mwanafunzi, niliyaona kwa macho yangu. Asili ya msemo wa Kiingereza nitakaoutaja niliisikia tu. Ukiwasimulia wenzako, usiyachanganye.

Nilifika zamuni nimechelewa. Nyaboke, aliyekuwa akimaliza zamu yake, alinikabidhi wagonjwa akiwa amekwisha kuvaa koti.

"Mzee Harold amekataa kula tena," alisema. "Siku ya tatu hii. Wa zamu ya jioni wanasema amechoka na dunia."

"Basi niandike amekataa?"

"Sasa utaandika nini, shairi? Andika, ndugu yangu, niende nikalale."

Nikaandika, na sikuwa nimekanyaga chumbani mwake. Muuguzi mkuu aliposoma kumbukumbu za siku tatu mfululizo, alisema atampigia simu binti wa mzee huyo, aliyeishi mji wa Oakdale, wazungumze juu ya kumhamishia baba yake katika vyumba vya wanaongojea kufa. Maneno yangu ndiyo yaliyokamilisha hesabu.

Nilipoingia kubadilisha mashuka, Bwana Harold, aliyekuwa mfugaji wa farasi maisha yake yote, alikuwa amekwisha kuyasikia mazungumzo hayo kupitia mlangoni.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba sitaki kula?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani kakwambia?"

"Mwenzangu."

"Naye kaambiwa na nani?"

"Watu wa jioni."

Alizungumza polepole, akilishika shavu kwa kiganja. "Baba yangu alinunua farasi wengi. Muuzaji akimwambia huyu ana miaka mitano, alimsikiliza kwa adabu, kisha akamfunua farasi mdomo akatazama meno. Meno hueleza umri. Ndiyo maana tukasema habari ya kuaminika hutoka kinywani mwa farasi. Wewe, kijana, habari zangu umezipata kwa majirani wa farasi."

Kisha akafunua kinywa chake.

Nilichukua tochi. Chini ya meno yake ya bandia, ufizi ulikuwa umechubuka, na kidonda chekundu kimekaa pale, kikubwa kama punje ya haragwe.

"Njaa ninayo," alisema. "Hata yale mayai yenu mabaya ningeyala."

Nilimkuta muuguzi mkuu tayari ameshika simu. Nikamwambia, mbele ya wenzangu, kwamba nimeandika nisilolijua. Aliiweka simu chini, akanikaripia ipasavyo. Nikasahihisha kumbukumbu na kutia jina langu chini yake.

Kuhusu ule msemo, baadaye nilisoma maelezo mengine ya mwandishi mmoja: kwamba ulitoka kwenye mbio za farasi, ambako dokezo bora kuhusu farasi atakayeshinda lilikuwa la yule aliye karibu kabisa na mnyama. Huenda mwandishi huyo yuko sahihi, na baba yake Harold hahusiki. Sikuwapo huku wala kule, kwa hiyo siapi.

Wewe nawe sasa umeanza kazi hiyo hiyo ya kuwahudumia wazee wa watu, na utakabidhiwa habari zao na wenzako waliochoka. Wasikilize, wala usiwadharau. Nyaboke alikuwa mchapakazi kunishinda. Lakini kabla kalamu haijagusa karatasi, ingia chumbani, uliza, tazama. Jambo usilolihakikisha, andika kwamba umeambiwa, na umtaje aliyekuambia. Hadi leo namshukuru Mungu kwa mzee yule, ambaye angeweza kunishtaki akaona afadhali anifundishe. Mungu akupe macho ya kuona na unyenyekevu wa kuuliza, na kila utakayemhudumia apate nafuu kupitia mikono yako.

Wapo walioniambia kwamba Bwana Harold aliishi miaka mingine mingi. Nilikuwa nimekwisha kuhama, hivyo sikuliona hilo. Niliyoyaona ni haya: mchana ule, meno yamevuliwa na kidonda kimepakwa dawa, alimaliza bakuli la uji wa shayiri, akaomba la pili, na mimi ndiye niliyemletea.