Jibu Lililokaa kwa Baba Mdogo

Geoffrey Ochoki alikuwa msomaji wa vitabu vya kujijenga, na kwa hilo aliheshimiwa. Katika ofisi ya bima alikofanya kazi mjini Kisii, mtu akiachwa na mchumba au akichoshwa na maisha, Geoffrey alimchagulia kitabu. Cha kuacha mazoea mabaya, cha kushinda woga, cha kuelewa jinsi watu wanavyofikiri. Alikuwa kama mwenye duka la dawa, ila yeye mwenyewe hakupona.

Kilichomuuma alikijua. Akiwa kidato cha nne, katikati ya mtihani wa mwisho, mama yake alifariki, na baba yake akaagiza asiambiwe. Geoffrey alirudi kijijini kwao Birongo akiimba, sanduku begani, akakuta kaburi limeanza kuota nyasi. Yeye ndiye kifungua mimba. Udongo wa kwanza ulikuwa wake kutupa. Tangu siku hiyo alitaka neno moja tu kutoka kwa baba: nilikosea.

Mwaka jana Lorna, mwenzake ofisini, alimpendekezea kitabu kuhusu vidonda vya utotoni. Kilisema: mkabili mzazi, mtazame machoni, umweleze. Akinyamaza, jua amekufungia moyo. Jiokoe, kaa mbali naye. Geoffrey alikipigia mistari kila ukurasa.

Sijui mwandishi wake ni mtu wa wapi, lakini hakuwa wa Birongo. Kwetu kuna chinsoni, ile haya ya heshima iliyosimama kati ya baba na mwanawe aliyekwisha kutahiriwa. Neno zito la mtoto halimwendei baba moja kwa moja. Hupitia kwa baba mdogo, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Geoffrey alilijua hilo tangu utotoni, lakini siku hizi alikuwa akiliita kifungo.

Jumapili moja alimkuta mzee Ochoki akiwakatia ng'ombe majani ya migomba. Akasimama mbele yake, akamkazia macho.

"Baba, ulimzika mama bila mimi. Kwa nini?"

Panga lilimponyoka mzee. Akainama, akaliokota, akaingia migombani bila kusema lolote. Aliona haya kwa niaba yao wote wawili. Geoffrey aliona moyo uliofungwa.

Basi akakitii kitabu. Hakupiga simu, hata Krismasi hakwenda nyumbani. Ofisini alisimulia alivyojikomboa, wakampigia makofi. Makofi hayo mimi hunikera mpaka leo.

Mzee akashikwa na ugonjwa wa mapafu, akafa kabla ya mahindi kukomaa. Wakamzika Ijumaa, Sabato ya Jumamosi isiwakute na maiti nyumbani, na safari hii Geoffrey akatupa udongo wa kwanza.

Watu walipotawanyika, Onyancha, mdogo wake marehemu, alimwita kando ya zizi.

"Ulikuwa wapi, mwanangu? Siku ile ulipoondoka tu, baba yako alikuja kwangu. Alilia, Geoffrey, mzee mzima. Akaniachia jibu lako."

"Mbona hukunipigia simu, baba?"

"Maneno kama hayo kwa simu? Jibu hufuatwa na aliyeuliza. Nilijua utakuja, wewe si mgeni hapa. Hata kitandani alikuwa ananiuliza, 'Amekuja kwako?' Namwambia bado."

Geoffrey alishika mti wa zizi. "Alisema nini?"

"Alisema alikosea. Aliogopa utaanguka mtihani, halafu akaogopa kukutazama. Akaniambia nikuulize kama unaweza kumsamehe, nimpelekee jibu."

Miaka yote alikuwa amelingoja neno hilo, na sasa lilimkata maini. Alilia bila kujificha, suti yake ikiwa imejaa udongo wa kaburi.

"Nimemsamehe, baba. Mwambie nimemsamehe."

Onyancha aliutazama udongo mbichi kule chini ya migomba, kisha akamtazama yeye.

"Nimwambie nani sasa?"