Povu Kwenye Tangi la Samaki

Jamani, mdomo wangu utaniponza! Nafanya kazi nyumba ya wageni hapa Palma. Juzi samaki wa mtoni wa patroa wangu, Bi Zaina mwenye nyumba, walififia rangi wakajibanza pembeni mwa tangi. Nikajitia mtaalamu.

“Patroa, maji ya kisima yana chokaa iliyoyeyuka, ileile inayoganda kwenye birika. Tuwape ya mvua, ni laini.”

“Umejuaje kuwa ni laini?”

Nikafanya kama mama zetu wanavyofanya kisimani: nikakoroga sabuni kwenye ndoo moja ya maji ya mvua. Povu likajaa upesi, dalili ya maji laini. Akaridhika, akaenda kupokea wageni.

Nikaiacha ndoo ile stoo, kando ya ndoo nyingine za mvua zisizo na sabuni. Niliporudi, povu limeshatulia na stoo ina giza. Nikabeba ndoo, nikamimina taratibu, nikawasha pampu. Mara tangi likafurika povu mpaka sakafuni! Nikawavua samaki, nikiwatia kwenye beseni la maji yaleyale ya kisima niliyoyaponda. Nyayo zikakaribia.

Patroa akasimama na wageni wake, akaliangalia povu, akaniangalia mimi.

“Kweli, mwanangu,” akasema. “Maji ni laini.”