Karatasi Isiyo na Kichwa

Katunge hakujua kunyamaza, na ndiyo sababu majirani zake karibu na Kathonzweni walimweka kwenye kamati ya kusimamia uchimbaji wa bwawa lao. Utaratibu ulikuwa wa kupendeza kwelikweli: mkandarasi halipwi mpaka kamati itie sahihi kwamba kazi imekwisha.

Kwanza waliitwa kufundishwa jinsi ya kupigana na ufisadi. Walifundishwa siku nzima, wakapewa soda na mkate, na kila aliyekula akaandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Karatasi haikuwa na kichwa. Katunge, mwenye mwandiko wa kujivunia, aliandika wa kwanza.

Bwawa lenyewe likatokea kuwa shimo la kunyweshea mbuzi watatu. Mvua ya Novemba ikaondoka na ukuta. Katunge akakataa kutia sahihi, kisha akapanda gari mara nne kwenda kuwaona wapelelezi wa ufisadi. Kila mara aliambiwa faili inashughulikiwa.

Ikashughulikiwa miaka miwili. Hatimaye afisa mmoja kijana, mwenye adabu zake, alifika nyumbani kwake na nakala ya karatasi.

"Mama, hii sahihi ni yako?"

Katunge alikuwa mtu wa kanisa na hakusema uongo. "Ni yangu. Lakini hiyo ni ya ile siku ya soda."

"Hapa juu imeandikwa kamati imekubali kazi imeisha."

"Hiyo ya juu haikuwa hapo. Si ni mimi nilikuja kuwaambia?"

"Naelewa, mama. Lakini mimi nafuata karatasi inavyosema."

Alishtakiwa pamoja na wanakamati wenzake kwa kupitisha malipo ya bwawa lisilokuwapo. Mkandarasi akawa shahidi wa serikali, akivaa tai kila kesi inapotajwa. Wanawake waliomchagua sasa wanampita njiani na mitungi yao, wakielekea mtoni kufukua mchanga wapate maji kama zamani, na wengine wanaamini alikula. Hilo humuuma kuliko kesi.

Yuko nje kwa dhamana, kwa sharti la kuripoti kila mwezi. Mara ya kwanza karani alimsukumia karatasi aandike kuwa amefika. Katunge aliangalia juu, akaigeuza, akaangalia tena. Hapakuwa na neno.

"Andika kwanza hapo juu ni ya nini," akasema.

"Tutajaza baadaye, mama. Watu wanangoja."

Asingetia sahihi, angelala rumande. Akatia.