Kocha Asiyeshuka Bei

Mechi ya nne mfululizo ilipoisha bila bao, Tulinagwe alitoka uwanjani bila kumuaga mtu. Matope yalimpanda hadi juu ya viatu vya mvua, kanga imelowa chapa, na sauti imemkauka kwa kuupigia kelele ukungu. Wapinzani wao, Kisiba, walibaki kumi tangu kabla ya mapumziko, mmoja wao kala kadi nyekundu. Kumi! Na bado Radi ya Msasani, timu yake ya hapa Tukuyu, walirudisha watu watano nyuma kulinda sare kama wanalinda shamba la urithi.

"Huyu Nurdin," alinung'unika njiani, "ukimpa maji akauze jangwani, atakurudishia yote, na atajisifu hakumwaga hata tone."

Tulinagwe, au Mama Lilian kama wengi wanavyomwita, hakupata chochote maishani kwa sare. Alianza na mkungu mmoja wa ndizi kichwani, kwa miguu kutoka kijijini Kisondela mpaka sokoni. Leo anapakia fuso nzima ya kwenda Dar. Ndizi za Tukuyu hazipandi mizani. Zinauzwa kwa jicho, mkono na mdomo. Anapitisha kidole kwenye kona za ndizi: kona zikiwa kali, haijakomaa. Hakuna aliyemfundisha. Hasara ndizo zilizomfundisha, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyempa pole.

Kocha Nurdin naye ni fundi cherehani. Babu yake alikuja Tukuyu na mzigo wa vitambaa kutoka pwani, wakabaki. Mwaka wa sita sasa anaifundisha Radi, na kila mwaka timu inamaliza ya tatu au ya nne kwenye ligi ya wilaya. Haijashuka daraja. Haijapanda. Ipo tu.

Jioni hiyo mashabiki walijibanza kwenye baraza la duka kukwepa mvua. Aliyeongea kuliko wote alikuwa Prosper, dereva wa bodaboda na mwenyekiti wao.

"Tumechoka! Kuna mtu Mbeya, kocha Ackson, ana vyeti vya ualimu wa mpira. Ana diploma, oya! Tumlete, Nurdin arudi kwenye vifungo vyake."

"Huyo mwenye diploma tutamweza?" aliuliza mzee Yohane, kajikunyata ndani ya koti.

"Tumtume Mama Lilian akaongee naye," Prosper akajibu. " Huyu mama akikaa mezani na shetani, shetani ataacha mkia."

Walicheka. Tulinagwe hakucheka, ila alikubali. Hata yeye alimtaka Nurdin aondoke.

Jumatano Ackson akaja, trakisuti nyeupe isiyo na doa, wakakaa mgahawani. Tulinagwe alianza chini kabisa, pale ambapo mtu mwenye akili zake hukasirika: nauli na chakula tu, posho aisubiri mpaka miezi mitatu ipite.

"Sawa, mama," Ackson akasema.

"Na mazoezi siku nne kwa wiki."

"Hamna shida."

"Hata mvua inyeshe."

"Hamna shida kabisa."

Tulinagwe alishika kikombe bila kunywa. Alikuwa ameshajiandaa mpaka kwa ile mbinu ya kuinuka na kujifanya anaondoka, na sasa hakuwa na pa kuitumia. Huyu mtu hakuuliza kipa ni nani, wachezaji wangapi, uwanja unakauka lini. Aliuliza jambo moja tu: kama mechi zao zinatangazwa redioni.

Akaukumbuka mkungu aliowahi kuuziwa Kisondela. Muuzaji alikubali bei ya kwanza huku anacheka. Kumbe upepo ulikuwa umeangusha mgomba, na mkungu umekatwa kabla ya wakati wake. Ndizi zilifika Dar zimenyauka, hazikuiva mpaka zikaoza.

Kutoka mgahawani alinyoosha moja kwa moja hadi kwa Nurdin. Alimkuta kainama kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Kocha, watu wanataka kukuondoa. Weka washambuliaji wawili Jumapili, mimi nitawanyamazisha."

"Siweki."

"Mechi moja tu."

Nurdin akatoa pini. "Mama Lilian, beki wangu wa kulia anachuma chai tangu alfajiri. Dakika ya sitini miguu imekwisha. Nikimtoa mtu nyuma, nani atamsaidia? Wewe?"

"Basi punguza kidogo. Wanne nyuma."

"Hii suruali nikiipunguza kidogo, mwenyewe haimwingii."

"Gwe, wewe! Mtu anakuokoa, unamletea habari za suruali?" Akaondoka na hasira zake, akiubamiza mlango.

Radi hawapigi kura za karatasi. Mwaka mmoja karatasi zote zililowa, zikawa uji, na tangu hapo wanajipanga mistari nyuma ya wanayemtaka. Jumapili baada ya ibada, kabla ya mechi, Nurdin alisimama upande wa goli, Prosper akasimama upande wa pili kwa niaba ya Ackson. Kwanza wakamwita Mama Lilian aseme alichopata.

"Amekubali kila kitu," alisema, na kabla hajavuta pumzi wakalipuka kwa vigelegele.

"Mama we noma!"

"Sikilizeni! Nimesema *kila kitu*. Hakubishana hata neno moja! Mtu anayejua thamani yake anabishana!"

"Si umembana wewe? Nani akubishie!" Prosper alijibu, na watu wakazidi kushangilia.

Alirudia mara ya pili, mara ya tatu. Ni kama kuuambia ukungu. Miaka yote hiyo sifa ya mdomo wake ilikuwa mtaji, na leo ndiyo iliyomziba mdomo.

Mistari ikapangwa. Yohane akahesabu mara mbili: thelathini na mmoja huku, thelathini na mmoja kule. Aliyebaki katikati, mwavuli mkononi, ni Tulinagwe peke yake.

"Mama, njoo!" Prosper aliita. "Si wewe ulisema Nurdin anatuua kidogo kidogo?"

"Nilisema. Na bado nasema."

Akavuka matope, akasimama nyuma ya Nurdin. Upande wa Prosper walizomea mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Nurdin hakusema asante. Alikuwa anatazama vijana wakipasha misuli.

"Usidhani nimekupenda," Tulinagwe alimwambia mgongoni. "Nimekununua, na mimi nataka mali yangu. Washambuliaji wawili."

"Mmoja."

"Wawili, kipindi cha pili tu."

Nurdin akainua uso akaangalia mawingu, akafikiri kidogo.

"Haya. Mvua ikikatika."

 Ilikuwa mwezi wa nne, na Tukuyu mwezi huo mvua haikatiki. Tulinagwe akasogeza mwavuli, akatafuta mahali pa kusimama ambapo matope si mengi, na kusubiri sare nyingine.