Nyimbo za Vugo Ndani ya Kompyuta

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa katibu wa chama chetu cha vugo huko Mtongwe. Vugo ni ngoma ya wanawake harusini, na nyimbo zake ni vijembe. Zikivuja kabla ya siku yenyewe, mmekwisha. Wapinzani wetu walikuwa mtaa wa pili, na mmoja wao, wifi yangu, nilikaa naye nyumba moja.

Ndipo kakangu akanipa kompyuta kuukuu aliyoitia Linux, mfumo wa kuiendesha, akaifunga folda yangu ya nyumbani, yaani pale panapokaa kila changu, kwa neno la siri. "Hata mwizi akiichomoa diski akaenda nayo, ataona takataka tupu," alinihakikishia. Nikaziandika nyimbo zetu humo, nikatangaza kikaoni, kwa maringo, kwamba nyimbo zetu hazisomeki.

Sikujishughulisha kuuliza zinasomeka lini. Ukishaandika neno la siri, folda hufunguka, na hubaki wazi kwa yeyote atakayekikalia kiti mpaka utoke kwenye mashine. Mimi kutoka sikutaka, maana kuiwasha tena kulichukua muda wa kupika chai na kuinywa. Nikienda jikoni nilikifunika kioo kwa kitambaa nilichokitarizi mwenyewe, nikaona nimekisitiri. Mara mbili nilikikuta kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya meza. Nikamshukuru wifi kwa usafi wake.

Siku ya harusi, iliyofanyika mtaa wa Shika Adabu, wapinzani walitangulia kuimba. Walitujibu nyimbo zetu tatu, mojamoja, na sisi hatujafungua kinywa! Wageni walicheka hadi wakashika mbavu.

Mwenyekiti wetu, mama wa makamo asiyependa mzaha, alitukusanya nyuma ya jiko. "Nani katuuza?"

Macho yote yakamwendea binti mmoja wetu, aliyeposwa na mpwa wa kiongozi wa wapinzani.

"Wallahi si mimi, mama," alisema, akaanza kulia.

"Basi nani? Za katibu hazisomeki, kasema mwenyewe!"

Hapo ndipo nilipokikumbuka kitambaa. Maringo yangu ndiyo yaliyokuwa yakimtia hatiani mtoto wa watu, na niliona aibu.

"Ni mimi," nikasema. "Kufuli ni zima. Niliiacha mashine wazi, na wifi yangu nakaa naye nyumba moja." Nikamwomba binti yule radhi mbele ya wote.



"Mwanangu," mwenyekiti akasema, "mimi nilikuomba nakala ya nyimbo mara tatu, ukaninyima. Wifiyo hakuomba hata mara moja."